Otamatone kwa mtoto wa miaka 10: inunuliwe au iachwe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 10. Tangu aone video za kile kidude cha Kijapani chenye umbo la nota ya muziki na uso unaofumba na kufumbua mdomo, Otamatone, nyumbani hatuna raha. Anapenda sana kuimba, yumo kwenye kikundi cha kaswida cha madrasa yao. Dada yangu aliyeko Muscat yuko tayari kumletea akija likizo. Ndogo itatugharimu kama shilingi 120,000 mpaka ifike Tanga, na kubwa, ile ya Deluxe, karibu 300,000. Mume wangu anasema ni mdoli wa betri, afadhali pesa hiyo iongezewe kinanda. Je, ni ala ya muziki kweli au tunalipia sura? – Mama, Tanga

JIBU: Marahaba, mama, na umsalimie baba watoto. Jibu langu ni hili: kubwa ya 300,000 msinunue. Ndogo ya 120,000 inunueni kwa sharti moja tu, kwamba mtoto akiimba sauti yake inakaa mahali pake na yeye mwenyewe husikia inapotoka. Kama bado hasikii, baba ana hoja nzito, na kinanda kitamsaidia zaidi. Nitaeleza namna ya kumpima bila kutoa hata senti, lakini kwanza niseme kidude chenyewe ni nini, maana bei yake haieleweki bila kujua kinachofanyika ndani.

Otamatone ilitoka Japani mwaka 2009. Waliobuni ni Maywa Denki, kundi la sanaa linaloongozwa na Nobumichi Tosa, na watengenezaji ni kampuni ya Cube. Hawa Maywa Denki hupanda jukwaani wamevaa sare za buluu kama mafundi wa kiwanda kidogo cha umeme, na jina lao lilitoka kwenye kampuni ya baba yake Tosa iliyokuwa imefilisika. Kazi yao ya miaka yote ni kubuni mashine za ajabu za kupigia muziki na kuzipiga mbele ya watu. Kwa hiyo, ingawa Otamatone inauzwa kwenye maduka ya vichezeo, waliokaa kuibuni walikuwa watu wa jukwaani, na hilo linaonekana kwenye jinsi inavyopigwa.

Ina shingo ndefu na kichwa cha duara. Juu ya shingo umelala ukanda mwembamba unaohisi kidole. Ukibonyeza karibu na ncha ya juu unapata sauti nzito, na kadiri unavyoshuka kuelekea kichwani sauti inapanda. Ndani yake, mahali kidole kilipo panabadilisha kiasi cha ukinzani wa umeme, na saketi hugeuza ukinzani huo kuwa sauti ya juu au ya chini. Swichi iliyoko nyuma inakuchagulia tabaka la chini, la kati au la juu. Spika imo kichwani. Mkono wa pili unaminya mashavu, mdomo unafunguka, na sauti iliyokuwa imejifungia kama mtu anayesema "uuu" inatoka na kuwa "aaa". Ukitikisa kidole kidogo juu ya ukanda, sauti inatetemeka kama ya mwimbaji.

Basi, ni hayo tu. Haipigi sauti mbili kwa pamoja. Haina midundo wala nyimbo zilizowekwa tayari. Haijali umebonyeza kwa nguvu au kwa upole. Na, hili ndilo kubwa, shingo haina alama yoyote ya kukuonyesha do iko wapi na re iko wapi. Kidole kikisogea kidogo tu, nota imeharibika. Wanunuzi wengi hukutana na jambo hili baada ya kulipa, na ndilo linaloamua kama kitu kitapigwa au kitakaa juu ya kabati.

Ala za umeme zisizo na alama zilianza kitambo. Kule Urusi, karibu mwaka 1920, mwanafizikia Lev Termen alitengeneza thereminimu, ala inayopigwa bila kuguswa, mikono ikipita hewani karibu na antena mbili. Mwaka 1929 kampuni kubwa ya redio ya Marekani, RCA, iliingiza ala hiyo madukani kwa dola 175, bila kuhesabu valvu na spika. Matangazo yao yaliahidi kwamba mtu yeyote anayeweza kuimba au kupiga mluzi ataipiga. Ziliundwa kama 500, na biashara ikafa. Anguko la uchumi la mwaka huohuo lilichangia, lakini ahadi yenyewe nayo haikuwa ya kweli. Aliyeipatia thereminimu heshima yake ni Clara Rockmore, mpiga fidla aliyeingia chuo cha muziki cha St. Petersburg akiwa na umri wa miaka minne, kisha akalazimika kuiacha fidla kwa sababu za kiafya. Alikuja na sikio lililokwisha kufundwa, ndiyo maana antena zile zikamtii.

Iliyo karibu zaidi na Otamatone ni trautoniamu, iliyobuniwa na Friedrich Trautwein na kuonyeshwa Berlin mwaka 1930. Ile ilikuwa na waya uliotandikwa juu ya reli ya chuma. Unaubonyeza waya mpaka uguse reli, na mahali ulipobonyeza ndipo sauti inapotokea. Kanuni ya shingo ya Otamatone ni hiyohiyo. Mwaka 1933 kampuni ya Telefunken ilitoa toleo la kutumiwa majumbani, na wanunuzi wakawa wachache mno. Lakini mtu mmoja, Oskar Sala, hakuiacha ala hiyo mpaka alipofariki mwaka 2002, na kelele za ndege kwenye filamu maarufu ya mwongozaji Hitchcock ya mwaka 1963, The Birds, zilitoka mikononi mwake.

Nimeyaleta haya kwa sababu swali lako limewahi kuulizwa karibu miaka 100 iliyopita, na majibu yalionekana. Ala ya kuteleza isiyo na alama humlipa mtu mwenye sikio, na humtia hasara aliyedhani atapata wimbo kwa kubonyeza tu. Hata zile video anazotazama mwanao, ukizichunguza, huenda nyingi zimepigwa na watu waliozoea fidla au uimbaji. Mwaka 2019 mshiriki mmoja wa shindano la vipaji kwenye televisheni ya Hispania alipiga kwa Otamatone wimbo mashuhuri kutoka opera ya Puccini, ukumbi mzima ukasimama. Watu walicheka alipoitoa ile ala, halafu wakanyamaza. Kilichowanyamazisha ni kwamba nota zilikuwa mahali pake, na kati ya nota na nota alijua ateleze wapi na akate wapi.

Sasa nije kwa mwanao, maana kuna jambo kwenye barua yako lililonifanya nisikubaliane na baba moja kwa moja. Umesema yumo kwenye kikundi cha kaswida.

Mtoto anayekulia Tanga kwenye kaswida na maulidi anasikia sauti ambazo kinanda cha kawaida hakina. Kinanda kimeigawa oktava, yaani nafasi kutoka do hadi do ya juu, sehemu 12 zilizo sawa, na mwisho wake ni hapo. Chukua Rast, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu: ukiianzia kwenye do, mi yake haikai kwenye mi ya kinanda wala kwenye ile mi iliyoshushwa nusu. Inakaa baina ya hizo mbili. Bayati nayo, ambayo wasomaji wengi wa Qurani wa njia ya Misri hufungulia kisomo na kufungia, ina sauti ya pili ya namna hiyohiyo. Mtoto anaweza kuimba sauti hizo vizuri kabisa kwa kuzisikia kwa ustadhi wake, kisha akikaa kwenye kinanda azitafute asizione. Atabonyeza huku, atabonyeza kule, na mwisho atafundishwa na kinanda kwamba sauti aliyokuwa akiimba ilikuwa makosa. Nimeliona hilo kwa wanafunzi, na linaniuma, kwa sababu sikio linalochongwa kwa miaka linaweza kupotoshwa na ala iliyonunuliwa kwa nia njema.

Vipo vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, vyenye vitufe vya kushusha sauti robo. Bei zake ziko mbali sana na bajeti tunayoizungumzia hapa.

Wazee wa taarabu walilitatua jambo hili kwa kuchagua ala. Udi hauna vizuizi shingoni, vile vya kugawa nota kama vya gitaa. Fidla haina. Ndiyo maana katika vikundi vya Unguja kama Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, fidla hujibizana na mwimbaji na kumfuata kila anakoteleza. Huko bara, zeze la Wagogo linalopigwa kwa upinde halina alama pia, na mpigaji hutafuta sauti kwa kidole na sikio. Otamatone, pamoja na uso wake wa kuchekesha, kwa hesabu ya kidole na sikio imo kwenye ukoo huu. Inaweza kukaa kwenye ile mi ya Rast. Inaweza kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine kama koo la mwanadamu. Kwa mtoto mwimbaji, kukiona kile anachokifanya kooni kikitokea chini ya kidole chake ni elimu ambayo sijui ala nyingine ya 120,000, tena ya kubebeka mkononi, inayoitoa haraka hivyo. Fidla ya bei hiyo ipo, lakini mara nyingi ni mbao zilizogundishwa vibaya, nyuzi hazishiki, na mtoto anapambana na upinde muda mrefu kabla hajatoa sauti ya kusikilizika. Hapa kazi ya upinde imefanywa na betri, ikabaki kazi ya sikio peke yake.

Thamani ninayoiona mimi iko hapo. Kama mwanao hatakwenda huko, kama anachotaka ni uso na kelele, basi mnalipia sura, na 120,000 kwa sura ni pesa nyingi.

Namna ya kumpima ni hii. Tafuta simu yenye programu ya bure ya kutyuni gitaa, ile inayoonyesha nota unayoimba na mshale wake. Mpigie sauti moja ya kinanda au filimbi, au hata kutoka kwenye simu nyingine, mwambie aimbe "laa" aishikilie. Usimwonyeshe mshale. Wewe uangalie. Ukiona sauti inatua karibu na katikati na kukaa, hata kama inatikisika kidogo, hiyo ni dalili njema. Halafu fanya la pili, ambalo kwangu lina uzito zaidi: wewe imba naye wimbo anaoujua, na katikati ya ubeti potosha sauti kidogo kwa makusudi. Angalia uso wake. Mtoto mwenye sikio atakunja uso au atasema "mama, umekosea." Asiyesikia ataendelea nawe. Asiposikia msimvunje moyo, wengi hujifunza, ila njia yao huanzia kwenye ala yenye sauti zilizopangwa.

Kipimo cha tatu ni cha subira. Mtengenezeeni zeze la kopo. Chukueni kopo la chuma lililosafishwa, mti mnyoofu wa kama urefu wa mkono wake, mshipi wa kuvulia samaki, na kijiti cha kuinua mshipi juu ya kopo. Huko Tanga mshipi si tatizo. Anacharaza kwa kidole cha mkono mmoja na kubana kwa kidole cha mkono mwingine. Hakuna alama, kama ilivyo kwenye Otamatone. Mpe kaswida moja fupi anayoipenda aitafute humo. Akirudi kwenye kopo lile siku baada ya siku bila kusukumwa, sina wasiwasi naye, mwambie dada yako aende dukani. Akilitupa siku ya pili, basi mmeokoa 120,000 kwa gharama ya mshipi.

Kuhusu kubwa na ndogo, kwa uaminifu wote, Deluxe ni ala bora zaidi. Ndogo ina urefu wa sentimita kama 27, Deluxe inapita 40. Shingo ikiwa ndefu nafasi kati ya nota inakuwa pana, kwa hiyo kidole kikikosea kidogo, masikio hayaumii sana. Isitoshe, Deluxe ina tundu la kuchomekea spika ya nje, na sauti yake ina mwili zaidi. Mtu mzima anayetaka kupiga mbele ya watu namshauri achukue hiyo bila kusita. Lakini nyie mna mtoto wa miaka 10 ambaye bado hamjui kama atadumu, na tofauti ya bei ni 180,000. Kwa tofauti hiyo mnaweza kupata kinanda kidogo cha mtumba, au kulipia masomo ya mwalimu wa fidla au udi kwa muda, au kuiweka akiba mpaka atakapoonyesha amekomaa. Vidole vyake ni vyembamba, ndogo itamtosha kwa sasa. Kuna pia nyingine ndogo zaidi ya hiyo, za mini. Hizo mziache kabisa. Shingo ni fupi mno, nota zimesongamana kiasi kwamba hata mimi nisingemwomba mtu apige wimbo wa dhati juu yake.

Baba naye asikilizwe. Kinanda cha mtumba chenye oktava nne hivi kinafanya mambo ambayo Otamatone haitayafanya hata siku moja: sauti nyingi kwa pamoja, mkono wa kushoto na wa kulia, kuona kwa macho mpangilio wa nota, kusindikiza waimbaji wengine. Mtoto akitaka baadaye kupanga muziki, kuongoza kikundi au kurekodi, atahitaji kinanda. Kama ningeambiwa nichague ala moja tu ya kukaa nyumbani kwa miaka 10 na kutumiwa na watoto wote, ningechukua kinanda, na nisingeona haya kuupinga ushauri wangu wa hapo juu. Hoja yangu kwa mwanao ni nyembamba: yeye ni mwimbaji, analelewa na sauti zisizo za kinanda, na ana hamu iliyowaka yenyewe. Hamu ya mtoto haiuzwi dukani, na nikiikuta ipo huwa napendelea kuifuata hata kama mlango wake una sura ya ajabu.

Kuna vidude vingine vya aina hii ambavyo pengine muuzaji atamtajia dada yako. Stylophone ya Uingereza, iliyobuniwa mwaka 1967, hupigwa kwa kalamu ya chuma juu ya bamba lenye nota zilizokwisha kupangwa. Ziliuzwa karibu milioni tatu kabla hazijasimamishwa mwaka 1975, zikarudishwa sokoni 2007, na mwimbaji David Bowie aliwahi kuitumia kwenye rekodi yake ya mwaka 1969. Ni nzuri kwa anayetaka wimbo utoke siku ya kwanza. Kwa mwanao haina faida hiyo ninayoitafuta, maana nota zake ni zilezile za kinanda, tena bila nafasi ya kupiga mbili kwa pamoja. Kama ni bajeti finyu na mnataka kitu chenye sauti tamu kisichohitaji betri, marimba ya vidole, ile Wagogo wanayoiita ilimba, inashinda vidude vyote hivi kwa mbali. Hukwe Zawose wa Dodoma aliipeleka ilimba kwenye majukwaa ya dunia nzima, na mafundi wa kuitengeneza bado wapo.

Tuseme mmeamua kununua. Mwambie dada yako asinunue kwa picha. Kuna za kuiga nyingi, na kwa macho zinafanana sana na za asili. Kwenye boksi atafute majina ya Maywa Denki na Cube. Akiwa dukani aombe iwekewe betri, kisha ashushe kidole taratibu kutoka ncha ya juu hadi kichwani bila kukiinua. Sauti inatakiwa ipande mfululizo. Ikikatika mahali, au ikiruka kwa ghafla kama imevuka shimo, ukanda una hitilafu na hakuna fundi wa kwetu atakayeubadilisha kwa bei ya maana. Abonyeze mashavu mara kadhaa aone mpira wa mdomo unarudi wenyewe na hauna ufa pembeni, kwa sababu mdomo ndio unaominywa siku zote. Ajaribu swichi ya tabaka zote tatu. Kama ananunua mtandaoni, amwombe muuzaji video ya kidole kikishuka hivyo. Muuzaji anayekataa video ya nusu dakika aachwe.

Ikifika Tanga, adui ni hewa ya bahari. Chumvi na unyevu hula vyuma vya sehemu ya betri, na betri zikivuja humo ndiyo mwisho wa habari. Hii ndogo hutumia betri tatu nyembamba za AAA. Likizo ikiisha na mtoto akaiweka, zitoeni. Msinunue betri zile dhaifu za bei ya chini kabisa. Zinachoka haraka na ndizo zinazovuja. Shingo ifutwe kwa kitambaa kikavu, isipanguswe kwa maji, na isiachwe kwenye gari juani.

Siku za mwanzo msimwachie aanze na wimbo. Ataanza kuminya mdomo, mtacheka wote, na ataona hiyo ndiyo kazi. Mdomo uachwe kwanza. Wekeni sauti moja ndefu isiyobadilika kutoka kwenye simu, iwe ndiyo do, naye atafute sauti hiyohiyo kwa kidole mpaka zile mbili zishikamane na ule mtikisiko unaosikika zinapopishana kidogo upotee. Mtikisiko ule ni mwalimu mzuri kuliko mimi. Ukienda mbio, bado yuko mbali. Ukipungua kasi, anakaribia. Ukinyamaza, amefika. Akishaipata do bila kuhangaika atafute so, kisha do ya juu. Baada ya hapo ndipo re na mi, na kila nota aiimbe kwanza kwa mdomo wake kabla hajaibonyeza. Kaka au dada wa jirani aliye kwenye kwaya na anayesoma solfa anaweza kumwongoza. Mpangilio ni uleule. Mdomo wa kidude uje mwisho, kama mapambo ya mstari ambao tayari umenyooka. Dakika chache kila siku zinatosha, tena kwa sauti ya chini, kwa sababu sauti ya ala hii ikiwa nje ya nota inakera kweli, na nyumba mnaishi watu wengi.

Ushauri wa mwisho ni wa malezi zaidi kuliko muziki. Kabla hamjamnunulia, nendeni kwa ustadhi wake mumweleze. Wapo wanaokubali dufu peke yake, na wapo wasiotaka ala yoyote ya sauti. Mimi siingilii hilo. Otamatone isipelekwe kwenye kisomo wala kusindikiza kaswida bila ruhusa yake. Ibaki nyumbani kama zoezi la sikio. Mtoto asije akafurahia zawadi ya khalati yake Ijumaa, halafu Jumamosi akagombezwa mbele ya wenzake kwa jambo ambalo wakubwa walipaswa kulimaliza kwanza. Ustadhi akiwa na maqamu masikioni, na wengi huko kwenu wanayo, huenda yeye mwenyewe ndiye atakayemwonyesha mi ya Rast inakaa wapi kwenye ile shingo isiyo na alama. Dada yako akinitumia video ya dukani kupitia kwako kabla hajalipa, nitaisikiliza na kuwajibu siku hiyohiyo.